Usiikate korasi

Mwalimu akiniletea mswada alioufupisha kwa ajili ya wanafunzi kutoka Antigone, tanzia ya Kigiriki ya msichana anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Creon, kitu cha kwanza ninachotafuta ni korasi, lile kundi linaloimba na kucheza pamoja jukwaani. Mara nyingi siikuti. Wazee wa mji wa Thebes, ndio korasi yenyewe, wamefutwa, na darasa la watu 40 limekuwa waigizaji 6 na watazamaji 34.

Sababu naielewa: nyimbo za korasi ni ngumu na muda wa mazoezi ni mfupi. Lakini Sophocles alipoitunga tanzia hii, karibu mwaka 441 kabla ya Kristo, waigizaji wakuu walikuwa 3 tu, wakibadilisha barakoa ili wabebe wahusika wote. Wanakorasi walikuwa 15, na hawakuwa mabingwa wa jukwaa. Walikuwa raia wa kawaida wa Athens, wakifundishwa kuimba na kucheza kwa gharama ya tajiri aliyepewa jukumu hilo na mji. Kwangu mimi, hilo ni darasa tayari.

Kwa hiyo kata kwingine. Ule wimbo wa Danae na Lycurgus uondoe, wanafunzi hawana habari nao. Wimbo wa maajabu ya binadamu usiuguse. Wanafunzi wangu huugawana: mmoja anavuka bahari, mwingine analima, mwingine anatega ndege, mpaka wanapofika kwenye kifo, ambacho binadamu hana dawa yake. Hapo wote wanatulia. Majibizano ya Creon na mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, nayo yabaki. Aliyewahi kughani ngonjera anajua kupokea neno la mwenzake na kulirudisha.

Aliyenifundisha kukata ni Kamau Brathwaite, mshairi wa Barbados aliyefanya kazi za elimu Ghana. Tamthilia yake Odale's Choice, iliyotokana na Antigone, ilionyeshwa mwaka 1962 katika shule ya sekondari ya Mfantsiman, Saltpond. Haemon hayumo, mtabiri Tiresias hayumo. Badala yake, Creon anamsamehe msichana, ambaye hapa anaitwa Odale. Odale anauliza kama kaka yake atazikwa. Anajibiwa hapana, naye anaukataa msamaha. Kwa Sophocles, Creon analegea wakati maji yameshamwagika. Hapa msamaha uko mkononi mwa Odale, na binti wa miaka 16 anayemwigiza anauhisi uzito wake bila kuelezwa.

Jambo moja silegezi hata wakininung'unikia: kifo hakionyeshwi. Wanafunzi wanataka kamba, wanataka upanga. Nawaambia mwachieni mjumbe. Anasimama mbele ya Eurydice, mama yake Haemon, anasimulia yaliyotokea pangoni: Antigone kajinyonga, Haemon kajichoma upanga. Mama hajibu. Anageuka, anaingia ndani. Hapo nawaomba wanakorasi wasilie, wasiinue mikono. Wautazame tu ule mlango.