Kabla ya kuuliza kama mimba iko salama, tunauliza iko wapi

Mwanamke anayefika hospitalini na mimba changa, akitokwa na damu au akiumwa tumbo chini ya kitovu, huja na swali moja: mtoto yuko salama? Ni swali la haki, na ndugu waliomsindikiza wanalo hilohilo. Sisi tunaompokea tunalazimika kuanza na swali jingine, ambalo jibu lake linaweza kuokoa maisha yake usiku huohuo, nalo ni mahali mimba ilipotunga. Kwa kuwa nafanya kazi ya magonjwa ya wanawake na uzazi katika hospitali ya rufaa, nimeona jinsi tofauti ya maswali haya mawili inavyozaa manung'uniko na hata kuwafanya wagonjwa waondoke kabla ya wakati. Ndiyo maana naona inafaa nieleze kinachofanyika na sababu zake.

Kati ya kila mimba 100 zilizothibitishwa, 10 hadi 20 huharibika zenyewe, nyingi kabla ya kutimiza wiki 12, na chanzo kikubwa ni hitilafu ya kromosomu iliyokuwapo tangu mimba ilipotungwa. Ndoo ya maji aliyobeba mama, safari ya bodaboda au ugomvi wa nyumbani sivyo vilivyoiharibu, na ningependa mama mkwe anayesoma hapa alisikie hilo kwa uzito wake. Msiba wa namna hii ni mkubwa, lakini mama mwenyewe kwa kawaida hupona vizuri, mradi damu idhibitiwe na maambukizi yazuiwe.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi ni habari nyingine kabisa. Hutokea katika mimba 1 hadi 2 kati ya 100, na zaidi ya 9 kati ya 10 ya hizo hukaa ndani ya mrija wa uzazi, ambao ukuta wake ni mwembamba na haukuumbwa kutanuka pamoja na mimba. Mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 8 mrija hupasuka, na damu humwagikia tumboni. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu kinachoonekana kwenye pedi ni matone machache, ilhali ndani ya tumbo lita nzima au zaidi imekwisha kumwagika. Mgonjwa huona kizunguzungu anaposimama, pengine huzimia chooni, na wengine hulalamikia maumivu ya bega wasiyoyaelewa, yanayosababishwa na damu inayogusa kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kukichokoza.

Kinachonisikitisha zaidi ni idadi ya wanawake wanaotufikia baada ya kutibiwa U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa siku kadhaa, au baada ya kuambiwa nyumbani kwamba ni chango. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, anayeumwa tumbo au aliyezimia, apimwe mimba kwa mkojo kabla ya kuandikiwa dawa yoyote. Apimwe hata kama anasema yuko kwenye hedhi, hata kama ana kitanzi, hata kama alifungwa mirija. Wanawake hawa wawili wa mwisho hawapati mimba kwa urahisi, lakini wakiipata, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi huwa mkubwa kuliko kwa wengine. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache na zahanati inakimudu.

Mgonjwa akifika akiwa amepauka, mapigo ya moyo yakienda mbio na presha ikishuka, hatumpeleki kupanga foleni ya altrasaundi. Anawekewa kanula nene mbili, yaani vijirija vya kuingiza maji na damu mshipani, damu inachukuliwa kwa ajili ya kujua kundi na kulinganisha, na chumba cha upasuaji kinaandaliwa wakati huohuo. Msingi wa upasuaji huu haujabadilika tangu mwaka 1883, daktari wa upasuaji Robert Lawson Tait alipofanikiwa mjini Birmingham, Uingereza, kufunga na kuondoa mrija uliopasuka: damu haikomi mpaka mshipa unaovuja ubanwe. Hapa Tanzania kazi hiyo imefanywa kwa miongo mingi na madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1963, na ni kwa mikono yao wanawake wengi wa wilayani wako hai leo. Pale ambapo benki haina damu ya kutosha, na damu iliyo tumboni bado ni mbichi na haijachanganyika na uchafu, daktari huichota taratibu kwa kibakuli kilichotakaswa, akaichuja kupitia tabaka kadhaa za gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, hadi kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, kisha mgonjwa hurudishiwa damu yake mwenyewe kabla hajashonwa.

Wagonjwa wengi, hata hivyo, huja wakiwa na nguvu zao, na kwa hao kazi huwa ya subira. Altrasaundi ya ukeni huweza kuonyesha mfuko wa mimba kuanzia kama wiki ya 5. Ya juu ya tumbo huchelewa kidogo. Kipimo cha mkojo kikionyesha mimba na kizazi kikawa kitupu, huenda mimba bado ni changa mno kuonekana, huenda imekwisha kutoka, au huenda iko nje. Ndipo tunapima kiwango cha hCG, homoni ya mimba, katika damu na kumwomba mama arudi baada ya saa 48 ili tukipime tena. Kikikaribia kuongezeka maradufu, mimba huenda iko mahali pake. Kikipanda kwa kusuasua, wasiwasi wetu unaongezeka. Kikishuka sana, mimba inatoka yenyewe. Kiwango cha siku moja peke yake hakitoi jibu hilo. Kwa hiyo mama anayeambiwa arudi keshokutwa hajazungushwa, na akihisi maumivu makali au kizunguzungu kabla ya siku hiyo, aje hata usiku wa manane.

Subira hiyohiyo hutumika mfuko unapoonekana ndani ya kizazi lakini moyo wa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hauonekani ukidunda. Hatusemi mimba imekufa mpaka kiinitete kifikie milimita 7 bila mapigo, au mfuko ufikie milimita 25 ukiwa mtupu, na hata hapo tunataka macho ya mtaalamu wa pili au kipimo cha kurudia baada ya wiki moja. Chini ya vipimo hivyo, kumsafisha mwanamke kwa haraka ni kuhatarisha mimba ambayo huenda ilikuwa hai.

Ikithibitika imeharibika, mama huchagua kati ya kusubiri itoke yenyewe, kutumia vidonge vya misoprostoli vinavyofanya kizazi kijikaze na kuitoa, au kusafishwa kwa sirinji ya mililita 60 inayonyonya kwa mkono, kwa ganzi ya kuzunguka mlango wa kizazi. Kilichotoka humiminwa kwenye bakuli la maji safi na kutazamwa kwenye mwanga. Nyuzi nyeupe za kondo changa huelea na kutawanyika kama pamba iliyolowa, na tukiziona tunajua mimba ilikuwa ndani ya kizazi. Tusipoziona tunaanza upya kuitafuta nje. Tukiona vifuko vya maji vingivingi tunashuku mimba zabibu, ambayo ni kondo lililokua vibaya, tunapeleka sampuli maabara na kumfuatilia mama kwa kipimo cha hCG mpaka homoni iishe kabisa. Hatua hii ya bakuli haigharimu chochote, na sioni sababu ya kituo chochote kuiruka. Vivyo hivyo sioni sababu ya muuguzi kumhoji mama kwa ukali kama aliitoa mimba mwenyewe. Anayevuja damu anastahili huduma ileile, na anayeogopa kuhojiwa huchelewa kuja.

Mimba ya nje iliyogunduliwa mapema, mrija ukiwa haujapasuka na hCG ikiwa chini, huweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba isiendelee kukua, na damu hupimwa tena siku ya 4 na ya 7. Mimi huikubali tu kwa mgonjwa anayeishi karibu na ana usafiri wa uhakika, kwa sababu mrija huweza kupasuka hata baada ya sindano. Anapaswa pia kuacha vidonge vya foliki wakati wa matibabu na kusubiri miezi 3 kabla ya kubeba mimba nyingine.

Aliyewahi kupata mimba ya nje ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuipata tena. Akikosa hedhi na kipimo kikaonyesha mimba, asisubiri hudhurio la kwanza la kliniki lililozoeleka. Aje kwa altrasaundi katika wiki ya 6, na aseme pale mapokezi kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mrija, ili asiwekwe nyuma ya foleni.