Je, wajua kwa nini lenzi nzito hufungwa kwenye tripodi kwa mguu wake, si kwa kamera?

Geuza karibu kamera yoyote utaona tundu la skrubu chini yake. Hapo ndipo tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, hufungwa, na kwa lenzi fupi panatosha kabisa. Lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kama ya milimita 600, hata hivyo, huja na tundu lake yenyewe, kwenye mguu mfupi unaoshikiliwa na pete inayozunguka mwili wa lenzi. Anayepanda hifadhi ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, kumpiga picha tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, kisha akafunga tripodi kwenye kamera na kuuacha mguu ule ukining'inia bure, anaiweka kamera hatarini na anajinyima picha kali.

Tufanye hesabu. Chukua lenzi ya kilo 3, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 15 mbele ya skrubu ya kamera. Pleti ndogo iliyo chini ya kamera, yaani bamba la kuifungia kwenye tripodi, huegemea ukingo wake wa mbele, ulio kama sentimita 2 tu kutoka kwenye skrubu. Zidisha 3 kwa 13, gawa kwa 2: skrubu inavutwa kwa nguvu inayokaribia kilo 20, wakati lenzi yenyewe ni kilo 3. Ni sawa na kushika jembe kwenye ncha ya mpini na kulinyoosha mbele: uzito haujabadilika, ila mkono hauwezi kuhimili. Skrubu hiyo ni ya robo inchi, na meno machache tu ndiyo yanayoshika ndani ya kamera. Mbaya zaidi, mzigo wote unapita kwenye shingo ya kamera, pale lenzi inapojifungia. Shingo ikipinda hata kwa sehemu ndogo ya milimita, upande mmoja wa picha unakosa ukali.

Lenzi ndefu haisamehe mtikisiko pia. Kwa milimita 600 na kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36), ukimlenga ndege aliye mita 100, upana wote unaouona ni mita 6. Kamera yenye pikseli 6,000 kwa upana inaweka pikseli moja kwa kila milimita pale alipo ndege. Lenzi ikiinama kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, picha inasogea sentimita 17, yaani pikseli 170. Kwa jicho huwezi kuuona mwinamo huo kwenye tripodi, lakini kwenye picha utauona.

Mguu wa lenzi umewekwa karibu na kitovu cha uzito wa lenzi na kamera kwa pamoja, kwa hiyo kinachoishikilia ni mizani kwanza, skrubu baadaye. Ndiyo maana pleti ya kuufungia iwe ndefu, sentimita 12 hadi 20, ili uweze kuisogeza mbele na nyuma kwenye kichwa cha tripodi. Mguu ukiwa na matundu mawili, tumia skrubu zote mbili. Skrubu moja huruhusu pleti kujizungusha polepole kila unapofuata ndege. Kaza kwa ule ufunguo wa pembe sita unaokuja na pleti, si kwa sarafu. Kisha hakikisha vile vijiskrubu vidogo vya kuzuia, kwenye ncha mbili za pleti, vipo. Watu wengi huviona vya ziada wakavitoa, kumbe ndivyo vinavyoizuia lenzi isiteleze ikaanguka pale unaposahau kukaza kibanio cha kichwa cha tripodi kinachoishika pleti.

Kichwa cha tripodi cha gololi, kinachozunguka juu ya mpira mmoja, kinafaa kwa lenzi nyepesi. Kwa kilo 3 na zaidi, uzito wote unakaa juu ya gololi, na ukilegeza kidogo tu lenzi inaanguka upande kwa kishindo na kubana vidole. Kinachofaa ni gimbali, kichwa kinachoipakata lenzi kwenye usawa wa mhimili wake. Uwezo wa kichwa na wa miguu uwe angalau mara mbili ya uzito wa vifaa vyote.

Gimbali haina faida usipoisawazisha, na hapa inafaa kutumia dakika tano bila haraka. Ingiza pleti, kaza kibanio, kisha vuta lenzi juu kwa nguvu kabla ya kuiachia. Huku mkono mmoja ukiwa chini ya lenzi, legeza mhimili wa kuinamia. Pua ikishuka, rudisha pleti nyuma. Kamera ikishuka, isogeze mbele. Ikitulia kwa mlalo, inua pua digrii 30 uiachie. Ikibaki hapo, umemaliza. Ikizidi kuanguka upande ulioielekeza, kitovu cha uzito kiko juu ya mhimili, basi shusha kitako cha gimbali, pale pleti inapokaa. Ikirudi yenyewe kwenye mlalo, kiko chini mno, basi pandisha kitako. Weka alama ya utepe kwenye pleti mahali pa mizani, ili kesho uipate gizani.

Mizani hiyo ni ya vifaa vile vile tu. Ukiondoa kamera ili kuongeza kikuzalenzi, kipande cha kukuza picha kinachokaa kati ya lenzi na kamera, pua inakuwa nzito ghafla na lenzi inapiga mguu wa tripodi. Kaza mhimili kwanza, kila mara, ndipo uguse kamera.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, nyasi fupi, miti michache ya kukinga upepo. Usitumie nguzo ya katikati ya tripodi. Fungua sehemu nene za miguu kwanza, na ikiwezekana piga picha ukiwa umekaa. Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya pua ya lenzi. Udongo ni laini, hasa wakati wa mvua maua yanapochanua, kwa hiyo kandamiza kila mguu hadi ukatae kuzama, vinginevyo fremu itashuka yenyewe polepole. Begi la kuongeza uzito, linaloning'inizwa chini ya tripodi, liguse ardhi kidogo. Likibembea linaleta mtikisiko uliotaka kuuzuia. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua mbele ya kioo, hushika upepo kama tanga, hivyo kama hakuna jua la mbele wala manyunyu, ivue. Kupima kama umefanikiwa, kuza picha mara 10 kwenye skrini, gonga lenzi kwa kidole, uangalie mtikisiko unachukua muda gani kuisha. Ukizidi sekunde mbili, kuna kitu kimelegea, na mara nyingi ni pete ya lenzi yenyewe.

Hifadhi ya Ruaha, karibu na Iringa, ni habari nyingine. Humo mpiga picha hubaki ndani ya gari isipokuwa kwenye maeneo yaliyoruhusiwa, na tripodi haina pa kusimama. Badala yake shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze maharage kilo 2 au 3 kutoka soko la Iringa hadi robo tatu tu, uuweke kwenye dirisha. Zungusha pete ya lenzi ili mguu uelekee juu, mwili wa lenzi ulale moja kwa moja kwenye maharage. Zima injini, waombe walio ndani wasijisogeze. Na jioni, kabla ya kufunga tripodi iliyopita kwenye vumbi, futa miguu kwa kitambaa kibichi ikiwa bado imefunguliwa. Ukiifunga na mchanga, mchanga unaingia kwenye vifungio na kuvisaga, na kifungio kilichosagika huachia mguu uteleze chini ya mzigo.