Nyuma ya Kionjo: Dhana Potofu Kuhusu Glee na Matangazo Yake

Mara ya kwanza sikuiona Glee, tamthilia ya Marekani kuhusu kikundi cha uimbaji cha shule, runingani. Niliiona kwenye kibanda cha kuuza CD karibu na stendi ya mabasi hapa Tabora, ambako muuzaji alikuwa ameacha kionjo, yaani tangazo fupi la tamthilia, cha nusu dakika kijirudie tangu asubuhi kwenye skrini ndogo iliyotundikwa juu ya mlango. Kwenye kava, lililochapwa kwa wino uliokwisha kuchujuka, kulikuwa na kijana aliyenyoosha kidole gumba na kidole cha shahada akifanya herufi L, na jina la tamthilia ambalo tuliokuwa tumesimama pale tulidhani ni jina la msichana. Tangu siku hiyo nimeitazama misimu yote sita, mingine zaidi ya mara moja, na kwa kuwa mimi mwenyewe ninaimba sauti ya tatu kwenye kwaya, inaniuma kusikia inavyosimuliwa kwa makosa hata na wanaoipenda. Makosa mengi kati ya hayo, kwa maoni yangu, yalianzia kwenye matangazo: watu waliona kionjo wakadhani wameiona tamthilia.

Dhana: Glee ni kipindi cha watoto

Hii ndiyo niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wazazi wengi kuwawekea watoto CD hiyo siku ya mapumziko na kuendelea na shughuli zao. Ukikitazama kionjo peke yake huwezi kuwalaumu, kwa sababu kinaonyesha rangi kali, sare za shule, vijana wanaoruka na wimbo unaoshika masikio kwa haraka.

Tamthilia yenyewe ilipangwa Marekani kwa watazamaji wa kuanzia miaka 14, na ina sababu. Mwalimu wa Kihispania, Will Schuester, anafufua kikundi cha uimbaji katika shule ya sekondari ya William McKinley, na wanaojiunga nacho ni wale wanaodharauliwa shuleni, wanaomwagiwa usoni kinywaji cha barafu chenye rangi huku wenzao wakicheka. Quinn, kiongozi wa washangiliaji na wa klabu ya wanaoahidi kujizuia na ngono, anapata mimba, na wazazi wake wanamfukuza nyumbani. Kurt, kijana anayewapenda wavulana wenzake, anatishwa na mwanafunzi mwenzake mpaka analazimika kuhama shule, na mazungumzo yake na baba yake, fundi wa magari asiye na maneno mengi, kwangu ni miongoni mwa mambo bora kuliko yote katika tamthilia hiyo. Mwigizaji Cory Monteith alipofariki tarehe 13 Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 31, watunzi walimuaga pamoja na mhusika wake Finn katika sehemu iliyorushwa tarehe 10 Oktoba mwaka huo, na nilipoitazama ilinibidi nisimamishe CD mara mbili.

Hata ile herufi L imeeleweka vibaya. Kwa vijana wa Marekani, kidole gumba na cha shahada vikiwekwa kwenye paji la uso ni tusi, maana yake ni kwamba wewe ni mtu wa kushindwa. Waliotengeneza matangazo walilichukua tusi hilo wakaligeuza kuwa nembo ya kikundi, jambo ambalo ninaliona la busara kubwa, kwa kuwa ndiyo hadithi nzima iliyowekwa kwenye mkono mmoja. Huku kwetu maana hiyo haikufika, na wadogo zetu walipiga picha wakiionyesha ishara hiyo kwa furaha, wakiamini ni alama ya ushindi.

Dhana: Wanafumbua midomo tu, sauti ni za watu wengine

Ni kweli kwamba mbele ya kamera waigizaji hawa walikuwa wakiimba kwa plebeki. Si kweli kwamba sauti zile zilikuwa za kuazima. Waigizaji waliingia studio kwanza wakarekodi nyimbo kwa sauti zao, kisha wimbo uliokamilika ukapigwa kwa spika mahali pa kurekodia picha, nao wakaufuata kwa midomo na miili huku kamera zikiwaka. Prodyuza mkuu wa nyimbo hizo alikuwa Adam Anders akishirikiana na Peer Åström, na uchezaji ulipangwa na Zach Woodlee.

Mkoa uliotoa Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 haupaswi kulishangaa jambo hili. Kwaya yetu ilipopiga video chini ya miembe, spika iliwekwa juu ya kiti cha plastiki, jenereta ikapelekwa mbali nyuma ya ukuta ili isitusumbue, na sauti zote tulikuwa tumezirekodi majuma mawili kabla. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba kama tungeimba moja kwa moja, kipaza sauti kisingenasa chochote isipokuwa majani. Tulirudia beti moja mara tano kwa sababu mwenzetu wa sauti ya nne alikuwa akifunga mdomo kabla ya neno la mwisho kuisha, na kosa la namna hiyo halisikiki, ila linaonekana. Kufuata sauti yako mwenyewe kwa usahihi, huku unacheza na huku unatakiwa kulia au kucheka, ni kazi, na anayeiita udanganyifu hajawahi kuijaribu.

Tena wengi wao walikuwa waimbaji kabla ya kamera kuwafikia. Lea Michele, aliyeigiza Rachel, alipanda jukwaa la Broadway, kitovu cha tamthilia za jukwaani jijini New York, mwaka 1995 akiwa na miaka minane. Matthew Morrison, yaani Mwalimu Schuester, naye alitokea huko huko. Amber Riley, aliyeigiza Mercedes, aliwahi kukataliwa kwenye usaili wa American Idol, shindano la uimbaji la runingani, alipokuwa msichana, na mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya Olivier, ya tamthilia za jukwaani, jijini London kwa uigizaji wake katika tamthilia ya jukwaani ya Dreamgirls. Sauti kama hiyo haihitaji kuazimwa kwa mtu.

Dhana: Walikuwa wanafunzi kweli

Hapana. Monteith alikuwa ametimiza miaka 27 siku chache tu kabla sehemu ya kwanza haijarushwa, ingawa Chris Colfer, aliyeigiza Kurt, alikuwa bado hajafikisha 19. Sheria za California huweka mipaka ya saa za kazi kwa mwigizaji ambaye hajafikisha miaka 18 na hutaka apatiwe masomo akiwa kazini, kwa hiyo watayarishaji wengi hupendelea watu wazima wenye sura changa. Kevin McHale, aliyeigiza Artie wa kiti cha magurudumu, anatembea vizuri, na jambo hilo liliwaudhi baadhi ya watetezi wa watu wenye ulemavu, nami naona walikuwa na hoja. Kwa upande mwingine Lauren Potter, aliyeigiza Becky, ana hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down kweli, na nafasi yake haikuwa ya kupita.

Dhana: Mji wa Lima ni wa kubuni

Shule ndiyo ya kubuni. Lima upo, katika jimbo la Ohio, na inasimuliwa kwamba ulipewa jina la mji mkuu wa Peru kwa sababu kwinini iliyotibu malaria ya wakazi wa mwanzo ilitokana na magome ya miti ya huko. Sisi tuliokulia kwenye vyandarua tunaielewa shukrani hiyo. Picha zenyewe, hata hivyo, zilirekodiwa zaidi Los Angeles, kwenye studio za Paramount.

Dhana: Nyimbo zao ni za wizi, au ni zao kabisa

Dhana hizi mbili zinapingana, lakini nimezisikia zote katika baraza moja. Sehemu kubwa ya nyimbo za Glee ni kopi, kama tunavyosema kwenye bendi, yaani nyimbo za wengine zilizoimbwa upya. Ule uliobeba sehemu ya kwanza, Don't Stop Believin', ni wa kundi la Journey na ulitoka mwaka 1981. Kopi si wizi iwapo mwenye utunzi ameombwa na kulipwa. Kwa kuwa waliurekodi wimbo upya, watayarishaji walihitaji ruhusa ya mtunzi na mchapishaji wake, si ya mwenye rekodi ya zamani. Kwetu pia, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya aliyeimba au kurekodi, na kwaya nyingi zinazorekodi nyimbo za wengine zingefanya vyema kuijua tofauti hiyo.

Siwezi kuwatetea kwa kila jambo. Mwezi Januari 2013 tamthilia ilitumia Baby Got Back kwa mpangilio uliofanana mno na ule wa mwanamuziki Jonathan Coulton, aliyekuwa ameupa wimbo huo wa Sir Mix-a-Lot sauti mpya kabisa, na jina lake halikutajwa popote. Sheria haikumpa nguvu kubwa ya kudai, kwa kuwa wimbo wa asili haukuwa wake. Alichofanya ni kuutoa upya wimbo wake, akiuita kopi ya Glee, na mapato akayaelekeza kwenye hisani. Kumtaja mtu kusingewagharimu chochote, na mimi kama shabiki nilisikitika.

Dhana: Walimshinda Elvis Presley

Hii ni dhana iliyopikwa na takwimu za kweli. Kufikia mwezi Februari 2011, waigizaji wa Glee walikuwa wameingiza kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, nyimbo nyingi kuliko 108 za Elvis, na hadi mwisho walifikisha 207, idadi ambayo haikupitwa mpaka mwanamuziki Drake alipoipita mwaka 2020. Lakini kuingia kwenye chati ni jambo moja na kukaa ni jingine. Kila juma sehemu mpya ilikuja na nyimbo kadhaa, mashabiki walizipakua zote usiku ule ule, zikaingia, na nyingi zikatoka juma lililofuata. Hakuna hata mmoja uliofika namba moja. Don't Stop Believin' ulifika namba nne, na huo ndio uliopanda juu kuliko yote. Elvis, kwa upande wake, alianza kuvuma mwaka 1956, wakati chati hiyo ilianzishwa mwaka 1958, kwa hiyo baadhi ya nyimbo zake kubwa hazimo kwenye hesabu. Nawapenda waimbaji wa Glee kiasi cha kutosha kutowavika taji lisilo lao.

Dhana: Tangazo ni kipande cha tamthilia

Hapa ndipo penye kiini. Kituo cha Fox kiliirusha sehemu ya kwanza tarehe 19 Mei 2009, mara baada ya American Idol, ili kuwanasa watu waliokuwa tayari wamekaa kusikiliza waimbaji, kisha kikawaacha watazamaji wasubiri mpaka tarehe 9 Septemba. Katika miezi hiyo wimbo uliuzwa kwenye intaneti na vionjo vikasambaa. Kwa lugha nyingine, sehemu nzima ya kwanza ilitumika kama tangazo la msimu uliofuata, na wimbo ukafanya kazi ya kuuza kipindi huku kipindi kikiuza wimbo.

Tarehe 6 Februari 2011, Glee ilirushwa baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na kutazamwa na watu wapatao milioni 26.8. Usiku huo huo waigizaji walionekana wakiimba na kucheza katika tangazo la Chevrolet la dakika mbili, wakitumia wimbo wa magari hayo ambao mwimbaji Dinah Shore aliuimba kwenye runinga miaka ya 1950. Nguo zilikuwa zile zile, nyuso zile zile, na rafiki yangu mmoja alitafuta kipande hicho katika msimu wa pili mzima bila kukipata, akaamini CD yake ilikuwa imekatwa. Haikukatwa. Kile kilikuwa kitu kilicholipiwa ili kuuza gari, kikavalishwa sura ya hadithi, na mtazamaji ana haki ya kujua mpaka uko wapi.

Baadaye nilirudi kukilinganisha kionjo cha pale stendi na sehemu yenyewe. Kilikuwa kimechukuliwa kwenye wimbo wa mwisho, vijana wamevaa fulana nyekundu wakiimba kwa nguvu zote chini ya taa, na kwa jinsi kilivyokatwa, nilikuwa nimeamini siku zote kwamba wanaimba mbele ya umati. Nilipoitazama sehemu nzima, kamera iliwageukia viti. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mwalimu wao alisimama peke yake, na huko juu Sue Sylvester, kocha wa washangiliaji aliyetaka kikundi kife, alikuwa akiwatazama kimya, nao wakaumaliza wimbo.