Wamarekani wakisema "nimekata waya" wanamaanisha nini: TV laivu kwa intaneti

Ukikaa Marekani wiki mbili tu utamsikia mtu anasema amekata waya, na kama umetoka kwetu juzi utafikiri kagombana na watu wa umeme. Waya wenyewe ni kebo, ule unaotoka nguzoni unaingia ukutani na kuleta chaneli mia na kitu, na kuukata ni kwamba umewaambia kampuni ya kebo basi, chukueni king'amuzi chenu. Haya, sasa mpira utaangaliaje? Ndo hapo zinapoingia huduma za TV laivu kwa intaneti, kina YouTube TV, Sling, Hulu + Live TV, Fubo.

Wengi wanazichanganya na Netflix. Netflix kwa sehemu kubwa ni kama kabati la filamu, unafungua saa unayotaka unachomoa unachotaka. Hizi nyingine ni TV ileile tuliyoizoea, chaneli inakwenda yenyewe, taarifa ya habari ina saa yake, matangazo ya biashara yamo vilevile na kama unaangalia laivu huwezi kuyaruka. Kilichobadilika ni njia tu, yaani badala ya dishi au kebo picha inapita kwenye intaneti ileile ya WhatsApp, unafungua programu kwenye TV janja au simu, unaweka imeili na neno la siri, kwisha. Hakuna fundi wa kuja na drili. Mtu aliyewahi kuangalia Azam TV kwenye simu bila king'amuzi nusu ya habari hii anaijua tayari.

Chekesho ni kwamba kebo nayo ilianza kama ujanja wa watu wa chini. Ilikuwa mwaka 1948 huko kwenye milima ya Pennsylvania, watu wa mabondeni mawimbi yalikuwa hayawafikii, basi antena moja kubwa ikasimikwa mlimani na waya ukashushwa nyumba hadi nyumba, kila mmoja analipa kidogo. Baadaye zikaja chaneli za kebo tupu, ESPN ya michezo mwaka 1979, CNN ya habari 1980, na kifurushi kikaanza kuvimba. Mimi nilipofika nilijiunga kwa tangazo la dola 60, bili ya kwanza ikaja 97 na ushee, nikaisoma mstari kwa mstari kama mkataba wa shamba: kukodi king'amuzi cha sebuleni, kukodi cha chumbani, ada ya chaneli za mtaani, ada ya michezo ya kanda, ambayo siiangalii, halafu nikitaka kutoka kabla ya miaka 2 nalipa faini. Kifurushi chenyewe chaneli nilizokuwa nafungua hazizidi nane.

Kwa hiyo Sling ilipoanza Februari 2015 kwa dola 20 kwa mwezi, bila mkataba, unajitoa ukitaka, watu walipumua. YouTube TV ikafuata Aprili 2017 kwa dola 35. Ila sasa fuatilia bei: 2018 ikawa 40, 2019 ikawa 50, 2020 ikapanda karibu 65, 2023 karibu 73, na Januari 2025 ikafika 82.99. Hata Sling imeshavuka 40. Mtu akikwambia TV ya intaneti ni ya bei chee ujue habari zake ni za zamani.

Mbona inapanda hivyo? Kwa sababu anayekuuzia hiyo programu siyo mwenye chaneli. Yeye ni kama muuza duka, bidhaa anainunua jumla, na wenye chaneli wanamlipisha kwa kila kichwa cha mteja, uangalie usiangalie. ESPN inajulikana kuwa ghali kuliko zote. Hata ABC, CBS, NBC na Fox ambazo ziko hewani bure kwa mwenye antena, tangu sheria ya 1992 zina haki ya kudai malipo kwa kampuni ya kebo au dishi inayozirusha, na huduma za intaneti nazo zinalipa. Wakishindwa kuelewana kwenye bei chaneli inazimwa na anayeumia ni wewe uliyekaa na bisi zako, kama wateja wa YouTube TV walivyokaa bila ESPN na ABC kuanzia mwisho wa Oktoba 2025 mpaka katikati ya Novemba, Google wenye YouTube na Disney wenye chaneli hizo wanavutana.

Kitu ambacho hakuna anayekutahadharisha ni ucheleweshaji. Picha ya kwenye intaneti haiji mfululizo kama mawimbi ya antena, inakatwa vipande vidogovidogo vya sekunde chache, kila kipande kinatengenezwa kwa ubora tofauti tofauti ili TV yako ichague kulingana na kasi ya mtandao (ndo maana sura ya mtangazaji inaweza kuwa na ukungu kidogo halafu ikatakata), na TV inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha. Ukijumlisha hapo umeshaachwa nyuma nusu dakika au zaidi. Desemba 10, 2022, Morocco na Ureno, robo fainali, sisi tumejazana sebuleni tunaangalia mtu anarusha mpira, ghafla ghorofa ya juu wanapiga kelele dari inatikisika. Tukatazamana. Tukakaa tunasubiri goli tunalolijua, mpaka En-Nesyri akaruka akapiga kichwa, na sisi tukashangilia kwa adabu tu kama wageni kwenye harusi. Jirani alikuwa na antena.

Mambo mengine ni madogo lakini uyajue. Kwa picha safi ya HD uwe na kasi kama megabiti 7 kwa sekunde, na ukipiga hesabu hiyo ni karibu gigabaiti 3 kwa saa, kwa hiyo usijaribu kwa bando la simu. Programu pia inasoma uko wapi ili ikupe chaneli za mji wako, na ukienda likizo Dar usitegemee itafunguka. Na vile visanduku vinavyouzwa kwa minong'ono misibani na kwenye sherehe za jumuiya, dola 10 kwa mwezi dunia nzima, hiyo ni mali ya wizi na kawaida inakufa siku ya fainali.

Halafu kuna hili linalonichekesha kila mwezi: intaneti ya nyumbani lazima ulipie pembeni, na sehemu nyingi anayeiuza ni kampuni ileile ya kebo. Waya niliosema nimeukata bado uko ukutani, unaleta intaneti. Nilichofanya baada ya ile aibu ya Morocco ni kununua antena ya dola 25 nikaibandika dirishani, Fox na wenzake naangalia bure na kwa wakati, programu naifungua msimu wa ligi, ligi ikiisha najitoa.