Herufi kubwa si kilemba cha heshima

Majirani huniletea barua zao za Kiingereza za kuomba kazi nizipitie kabla hawajakwenda kuzichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, Uganda. Kiingereza chenyewe huwa safi. Kinachowaangusha ni herufi kubwa, zimemwagwa kila mahali kama chumvi iliyozidi.

Dhana iliyokita mizizi ni hii: neno linalomtaja mtu mkubwa au jambo zito lazima lianze kwa herufi kubwa. Ndiyo maana naona "I am a Teacher" na "my Father is a Farmer". Mwandishi anaogopa kwamba akiandika "teacher" atakuwa amemshusha mwalimu. Namwelewa, kwa maana sisi tumelelewa tusimwite mzee kwa jina kavu. Ila kwa Kiingereza cha leo herufi kubwa haipimi ukubwa wa mtu. Inamwambia msomaji kwamba hili ni jina. Mwenyekiti wa kijiji ni "the chairman of our village", na hajavunjiwa adabu. Ukimwandikia mwenyewe, "Dear Chairman", neno limekaa mahali pa jina lake, basi herufi inakuwa kubwa. Mama naye ni hivyohivyo: "my mother", lakini "Thank you, Mother".

Zamani waandishi wa Kiingereza nao walizitumia herufi hizo kwa wingi. Tazama Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, nomino za kawaida zimejaa herufi kubwa. Mtindo huo ulikwisha. Kuhusu vyeo vya juu, zipo ofisi zinazoandika "the President" hata bila jina kufuata, na magazeti mengine huandika "the president". Hapo fuata utaratibu wa unakopeleka maandishi yako.

Wengine hudhani ugonjwa wa kutisha ndio unaostahili herufi kubwa, wakaandika "Malaria" na "Cholera". Ukweli wake tunao hapa nyumbani. "Zika" huanza kwa herufi kubwa kwa sababu ni jina la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako kirusi cha ugonjwa huo kiligunduliwa mwaka 1947. "Ebola" ni jina la mto ulioko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malaria haikurithi jina la mahali wala la mtu, kwa hiyo ni "malaria", hata kama imetuzikia watoto wengi kuliko hayo mawili. Nikieleza hivi, mtu huelewa papo hapo, kuliko kumkaririsha kanuni kumi.

Au chukua chapati iliyoviringishwa na mayai, ile ya kando ya barabara. Hiyo ni "rolex", chakula kama "matooke". Saa ya mkononi ndiyo "Rolex", maana ni jina la kampuni.

Masomo ya shule: "history", "biology" na "mathematics" ni herufi ndogo ndani ya sentensi. "English", "Luganda" na "Kiswahili" ni kubwa kwa kuwa ni majina ya lugha. Pande za dunia nazo huponza wengi. "We travelled north" na "northern Uganda" ni ndogo, lakini "West Nile" ni jina la eneo la Uganda, hata ukiwa umesimama Arua, mji ulio humo. Miezi ni kubwa; "rainy season" ni ndogo.

Wapo pia wanaoandika barua nzima kwa herufi kubwa tupu wakidhani ndiyo urasmi. Fomu hutaka hivyo kwa sababu miandiko ya mkono hutatiza kusomeka. Kwenye barua, kichwa cha habari kinatosha. Mwili wake ukiandikwa hivyo unachosha macho, na majina hayaonekani tena.

Mwishoni kabisa karibu kila barua huja na "Yours Faithfully". Ni neno la kwanza tu: "Yours faithfully", kisha koma, sahihi yako, na chini yake jina lako lote.