Darasa la elimu maalumu katika shule ya kati: yasemwayo na yaliyo kweli

Shule nyingi za kati, yaani za vijana wa umri wa balehe, zina chumba kimoja ambacho wanafunzi wakikipita hupunguza mwendo na kuchungulia. Ndani kuna meza chache, ratiba ya picha ukutani, na pengine kijana wa miaka 13 aliyeziba masikio asisikie kelele, anafanya hesabu zake kimya. Mpitaji huona kwa sekunde tano, halafu stori yote inajengeka hapo. Stori hiyo hufika nyumbani, na hata walimu wa masomo mengine, ambao chumba kiko hatua chache tu kutoka walipo, huirudia. Haya ndiyo yanayosemwa sana.

"Ni darasa la wasio na akili."

Wanaoingia humo wana sababu tofauti kabisa: usonji, uoni hafifu, kigugumizi, shida ya kutuliza umakini, ulemavu wa akili, disleksia (ugumu wa kusoma). Nchini Marekani, ambako takwimu hutunzwa kwa kila kundi, kundi kubwa kuliko yote ni la wenye ugumu mahususi wa kujifunza, kama kusoma au kuhesabu. Ni karibu theluthi moja ya wote wanaopata huduma hizi. Disleksia haihusiani na akili ndogo. Kijana anaweza kukueleza vizuri jinsi volkano inavyolipuka, kisha aya moja ya kitabu ikamchukua dakika kumi kuisoma.

"Wanafundishwa vitu vyepesi vyepesi tu."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkanganyiko huu una gharama. Mwalimu ana mambo mawili anayoweza kubadilisha: njia, au lengo. Tuseme darasa zima lina mtihani wa sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi anasomewa maswali na kujibu kwa mdomo, au anaongezewa muda, au anapewa karatasi ya maandishi makubwa. Swali ni lile lile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni njia tu. Mwingine anatakiwa kutaja sababu mbili wakati wenzake wanazichambua zote. Huyu amebadilishiwa lengo.

Yote mawili yana mahali pake. Mwanafunzi mwenye ulemavu mkubwa wa akili anaweza kuhitaji lengo jingine kabisa, na hilo si dharau. Tatizo ni lengo kushushwa kimyakimya darasa la saba kwa mtoto aliyehitaji njia tu. Kufika la tisa, mada alizorukishwa zimekuwa lundo, mlango wa mtihani wa kawaida umefungwa, na mzazi hakuambiwa lini ulianza kufungwa. Ndiyo maana swali zuri kuliko yote kwenye kikao cha wazazi ni hili fupi: mmebadilisha njia, au mmebadilisha lengo?

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, ilikataa hoja kwamba inatosha mtoto wa elimu maalumu kupata faida yoyote ilimradi isiwe sifuri. Ilisema mpango wa elimu anaoandikiwa mtoto huyo lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali yake. Yaani kumweka mtoto kitini na kumpakisha rangi mwaka mzima hakuhesabiwi kuwa elimu.

"Mpango wa mtu binafsi ni karatasi ya faili."

Ndio ule mpango wa elimu anaoandikiwa mwanafunzi mmoja mmoja, wenye malengo yake. Mara nyingine ni karatasi tu kweli, na lawama hapo ni ya walioiandika. "Ataboresha usomaji wake" ni sentensi isiyoweza kushindwa wala kufaulu. Linganisha na hii: "Akipewa habari asiyowahi kuiona, atasoma kwa sauti maneno 70 kwa dakika, makosa yasizidi matatu, mara tatu mfululizo, kabla ya mwisho wa muhula." Hilo linapimika. Mwalimu humpima kila wiki kwa dakika moja na kuchora nukta kwenye grafu. Nukta zikilala chini wiki nne au tano, kinachobadilishwa ni mbinu ya kufundisha. (Kwa njia, usinakili viwango vya kasi vya Kiingereza. "Hawakutuandikia" ni neno moja kwetu, kwao ni sentensi nzima.)

Na mpango wa mtu binafsi haumaanishi kila mtoto afundishwe peke yake. Katika kipindi kimoja, watatu wanaweza kuwa na mwalimu wakivunja maneno marefu kwa viambishi, mmoja anasikiliza sura ya kitabu kwa sauti huku akifuatisha maandishi, na mwingine yuko maabara na darasa la kawaida kwa sababu sayansi haimsumbui hata kidogo. Wapo wanaodhani miaka 13 ni umri uliochelewa kwa kujifunza kusoma. Haujachelewa, ila vitabu vya sungura na kobe havitamfaa: atavificha chini ya meza kabla wenzake hawajaviona. Anahitaji sentensi rahisi zenye mambo ya rika lake.

"Akipewa msaidizi wa kukaa naye siku nzima, shida imekwisha."

Dhana hii ina nia njema, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Uingereza, mradi mkubwa wa utafiti uliotoa ripoti yake 2009 uligundua kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa walimu wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali inayofanana waliopata kidogo. Watafiti hawakuwalaumu wasaidizi. Walionyesha kwamba wengi waliingia darasani bila kuandaliwa, na kwamba mtoto aliyekuwa na msaidizi alikuwa akikosa muda wa mwalimu mwenyewe.

Ukiangalia kwa karibu, utaona inavyotokea. Swali linaulizwa, kijana anainua macho, msaidizi anamnong'oneza jibu. Kijana anajifunza kungoja. Mwalimu anajifunza kutomwuliza. Wenzake nao wanajifunza kupitisha maneno yao kwa mtu mzima aliyekaa katikati, na katika umri huu, ambao kukubaliwa na rika ni jambo la kufa na kupona, hapo ndipo pabaya zaidi.

Msaidizi aliyefunzwa hufuata ngazi. Kwanza anangoja, kweli kweli, akihesabu moyoni. Kisha anaashiria kwa kidole mahali pa kuangalia. Kisha anauliza swali dogo. Kumwonyesha namna ya kufanya huja mwisho kabisa, na wiki inayofuata anajaribu kushuka ngazi moja. Kidokezo kisichopangiwa siku ya kuondoka hugeuka mkongojo. Baadhi ya wasaidizi wazuri huzunguka darasa zima wakimsaidia kila mtu, na huwezi kutambua ni kwa ajili ya nani wamo humo.

"Akigoma au akirusha daftari, ni utundu tu."

Kabla ya adhabu, mwalimu wa elimu maalumu huandika mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Baada ya siku kumi mchoro hujitokeza. Kijana anarusha daftari kila anapokaribia zamu ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa; anatolewa nje; hasomi. Kwa upande wake, mbinu imefanya kazi barabara, na adhabu ya kutolewa nje ndiyo zawadi yake. Basi anafundishwa njia nyingine ya kupata kile kile, kwa mfano kadi anayoiweka mezani kuomba aruke zamu, huku usomaji wenyewe ukishughulikiwa pembeni.

"Picha na vifaa vya kuongea vitamfanya asiseme kamwe."

Ni picha anazozionyesha, au kifaa kinachomsemea, pale anaposhindwa kusema kwa mdomo. Tafiti hazikuonyesha hivyo. Kwa wengi usemi haurudi nyuma, na kwa baadhi huongezeka. Mtu aliyenyimwa picha akingojewa aseme hubaki na njia moja tu ya kutuambia kichwa kinamuuma: kupiga kelele.

"Mambo ya balehe hayawahusu."

Mwili haungoji ripoti ya mwanasaikolojia. Miaka ya shule ya kati ndiyo hedhi, jasho, ndevu za kwanza na kupendana vinapofika, na kijana mwenye ulemavu wa akili anahitaji kufundishwa waziwazi yale ambayo wengine huyaokota kwenye maongezi ya wenzao: majina halisi ya viungo, nini hufanywa faraghani, nani ana ruhusa ya kukugusa na namna ya kusema hapana. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu wana uwezekano mara 3.7 zaidi ya wengine wa kufanyiwa ukatili. Kwa wenye ulemavu wa akili au matatizo ya afya ya akili, ukatili wa kingono pekee ulikadiriwa kuwa mara 4.6. Mtoto aliyefunzwa kumtii kila mtu mzima bila kuuliza yuko hatarini, hata kama utiifu wake unasifiwa kwenye kila ripoti.

"Akishaingia, hatoki."

Huko Marekani, takribani wawili kati ya kila watatu wanaopata elimu maalumu hutumia asilimia 80 au zaidi ya siku yao katika madarasa ya kawaida. Chumba chenye ratiba ya picha ni mahali pa kwenda kwa saa fulani na kurudi. Tena shule ya kati ina ugumu wake: walimu saba au wanane badala ya mmoja, kila mmoja na mtindo wake, na kengele inayohamisha kila mtu. Mwalimu wa elimu maalumu hawezi kuwaandama wote wanane.

Kwa hiyo kazi moja ya chumba kile ni kumfundisha kijana kujisemea. Anaanza kwa kuhudhuria kikao chake mwenyewe, hata kama ni kwa dakika tano na karatasi yenye mambo matatu aliyoyaandaa: ninachokiweza, kinachonishinda, kinachonisaidia. Mwaka unaofuata anaongoza sehemu ya kikao. Baadaye anakwenda kwa mwalimu wa historia kabla ya kipindi na kumwambia, "Naomba maswali yangu yachapwe kwa herufi kubwa, na nikae mbele." Mwalimu akisahau wiki ijayo, anarudi tena.