Chuma cha moto ni mwongo

Moshi Desemba fundi halali. Magari ya Dar yanaanza kupanda mlimani, watu wanarudi kwenye vihamba vyao, na mashine za kusaga zilizokuwa zikilalamika mwaka mzima zinaamua kufa wiki hiyo hiyo. Mwaka jana, tarehe 23 asubuhi, alinijia mzee mmoja kutoka tambarare ya Hai, shafti ameifunga kwenye kiroba na kuikumbatia kama mtoto mchanga.

"Fundi, ijazie tu, nirudi nayo mchana. Nimeacha foleni ya mahindi."

"Ijazie tu" naisikia kila wiki, kwa hiyo leo niieleze vizuri, anayetaka aelewe.

Shafti ya mashine ya kusaga inabeba zile nyundo zinazopiga mahindi, nayo huzunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Inakaa kwenye beringi mbili. Pete ya ndani ya beringi inatakiwa iing'ang'anie shafti, vizunguke pamoja kama mwili mmoja. Ikilegea hata kidogo, pete inaanza kuteleza juu ya shafti na kuila taratibu. Mashine inapiga kelele, mwenye mashine anaongeza grisi, anadhani amemaliza kazi.

Shafti ya mzee ilikuwa na historia yote ya tiba za kijijini. Kwanza ilipigwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea alama kwa nyundo, vidoti vimejaa kama ndui, ili chuma kitutumke kishike beringi. Vidoti vile vinashika siku chache, kisha ncha zake zinabonyea na ulegevu unarudi. Baadaye mtu alizungushia kipande cha kopo la soda. Nilikikuta kimesagika kama karatasi ya pipi. Kilichobaki ni kujazia: unachomelea juu ya palipoliwa, halafu unachonga upya. Najazia vitu vingi, ila shafti inayozunguka kasi namna ile, hapana. Moto wa kuchomelea unaipinda, na pale welding inapoishia chuma kinakuwa kigumu na kikavu, ufa unaanzia hapo hapo. Inakatika ikiwa kazini, na watu wamesimama na ndoo zao mlangoni.

"Mzee wangu, hii sijazii. Nakuchongea mpya."

Akaniangalia kama nimemwambia anunue trekta.

Chuma cha shafti mpya sinunui dukani, naokota kwa watu wa skrepa: halfshafti ya lori, ule mhimili unaozungusha tairi la nyuma. Ile imeshabeba tani za mizigo kwenye barabara zetu, chuma chake ni kizuri kuliko nondo yoyote utakayouziwa. Ubaya wake ni ngozi. Nyingi zimekazwa kwa moto kiwandani, kwa hiyo ukigusia kisu cha lethi, mashine ya kuchongea chuma, juu juu kinalia na kufa. Lazima mkato wa kwanza uzame chini ya ngozi kwa mkupuo mmoja.

Beringi yake iliandikwa 6310. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa tano, unapata tundu: milimita 50. Hesabu hii inamshangaza kila mwanafunzi ninayempokea. Basi shafti inatakiwa iwe 50 na kidogo juu yake, 50.01 mpaka 50.02, ili beringi iingie kwa kubanwa. Lethi yangu ni ya Kiingereza, ya inchi. Mstari mmoja kwenye gurudumu lake la kusogezea kisu ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani 0.025 ya milimita. Umeona ninavyobanwa. Mstari mmoja tu ukizidi, kazi imekwisha.

Hapo ndipo namkumbuka mjomba aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, anatoka kazini saa kumi na moja kamili kwa baiskeli, hapiti popote, na mkate kwenye kerieri. Vijana tulimcheka kwamba anamwogopa shangazi. Mara ya kwanza nilipochonga shafti, beringi ikaingia yenyewe bila kugongwa, nilifurahi. Alichukua shafti, akaishika, akaninyoosha kidole: "Uliipima ikiwa moto. Chuma cha moto ni mwongo."

Chuma kikipata joto kinavimba. Kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, mita moja ya chuma inaongezeka kama 0.012 ya milimita. Shafti ya milimita 50 ikitoka kwenye kisu imepanda nyuzi 50, kipenyo chake kimevimba 0.03. Ukiipima saa ile maikromita, kipimo chetu cha unene, inakuambia 50.01, unashangilia. Ikipoa ni 49.98, na umeshamuuzia mtu ugonjwa ule ule aliokuja nao.

Kwa hiyo nilichonga, nikabakiza nusu milimita, nikazima mashine. Mzee akauliza kwa nini nisimwagie maji. Maji yanapoza ngozi, moyo wa chuma unabaki na moto wake, na dakika kumi baadaye unatoka nje kukuumbua. Nikamwambia twende tukale.

Nyumbani ni hatua chache kutoka karakana, na nilijua ninakoingia. Tulikuwa twende Marangu siku hiyo, mabegi yapo mlangoni. Mama watoto alimkaribisha mzee vizuri sana, mimi hakuniangalia. Tukapewa mtori.

Mzee bado alikuwa ananung'unika juu ya hizo sifuri-sifuri zangu, mpaka binti yangu alipomwokoa. Alipokuwa kidato cha kwanza walifundishwa maikromita kwa kuchorewa ubaoni, nikaja na yangu nyumbani jioni tukapima kila kitu: karatasi ya daftari, jani la mgomba, unywele wa mama yake. Unywele ulikuwa 0.08. Akaenda kuileta, akamwomba mzee unywele. Mzee akacheka, kichwani hana, ukatolewa kwenye ndevu. "Babu, baba anatafuta kitu chembamba kuliko hiki, nusu yake haifiki." Mzee aliugeuza ule unywele mweupe kwenye mwanga wa dirisha, hakuuliza tena habari ya mchana.

Tuliporudi shafti ilikuwa baridi kama ukuta. Nikapitisha mkato wa mwisho mwembamba, ambao hauna joto la kutisha, nikasubiri tena, nikapima mara tatu. 50.015.

Wakati wa kuivalisha beringi nautumia ule ule uongo wa chuma kwa faida yangu. Beringi naichemsha kwenye oili, nyuzi 100 hivi, si zaidi ya 120, nikiwa nimeitundika kwa waya isiguse chini ya sufuria. Ikivimba inateleza mahali pake bila nyundo, ikipoa inakaba. Wanaogonga beringi kwa nyundo wanazibonyeza njia za gololi zake kabla haijaanza maisha. Sufuria ni ya kwangu ya kazi siku hizi. Zamani niliazima ya jikoni, na hilo jambo nyumbani kwetu halijafutwa.

Mzee aliondoka saa kumi na shafti kwenye kiroba. Safari hii aliibeba begani.

Noah ilikuwa imeshajaa, mama watoto kiti cha mbele, kimya. Tulipofika Kiboriloni akatupa jicho kwenye mkono wangu wa kushoto. Kwenye lethi havaliwi pete wala glavu, chuma kinachozunguka kikizishika kinavuta na mkono, kwa hiyo pete ya ndoa naitundika kwenye msumari juu ya swichi.

Dereva, Mungu ambariki, aligeuza gari.